Udongo Tuliobaki Nao

Mlali, jioni kabla hujaondoka

Mwanangu Tabitha,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na baba yako yuko uani anafunga kamba begi lako kubwa utadhani litavushwa mto. Nimepata utulivu kidogo. Dirisha liko wazi, mvua ya jana bado inanukia. Nimeona nikuandikie, kwa sababu nikisema kwa mdomo utanikatisha kwa maswali, nami nitasahau nilikuwa naelekea wapi.

Sitaandika habari za kula vizuri, kufunga mlango wala kwenda kanisani. Hayo nimeyasema tangu ulipopangiwa kazi, na nimekuona ukitazama dari. Unakwenda Songea kuwa bibi shamba. Watu utakaowakuta watakuita mtaalamu kabla hawajajua jina lako. Basi nataka nikusimulie jinsi sisi wawili tulivyoanza kuujua udongo. Mengi yalitokea ukiwa mdogo, mengine ukiwa shule ya bweni. Wewe umekua ukiliona shamba letu likiwa limekwisha pona. Hukumbuki lilivyokuwa linaumwa.

Shamba la kule barabarani baba yako alilipata kwa mama yake. Nilipoolewa, mahindi yake yalinipita kimo, ukiingia katikati huonekani. Tukapanda mahindi. Mwaka uliofuata, mahindi. Alizeti ilipoanza kutafutwa na wanunuzi tukapanda alizeti, kisha tukarudi kwenye mahindi. Baada ya mavuno tulikusanya mabua, mengine tukawapa wenye ng'ombe, yaliyobaki tukachoma. Nilipenda shamba likae safi. Nililifagia kama uani, na wapita njia walinisifu.

Mahindi hayakufupika kwa mwaka mmoja. Yangefanya hivyo tungeshtuka. Yalifupika polepole, na kila mwaka tulipata wa kumlaumu: mvua, mbegu, panya, mara mtu fulani aliyepita akasifu sana. Halafu kikaja kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Kilichanua vizuri kuliko kitu chochote tulichopanda. Mwaka ule tulivuna magunzi zaidi kuliko punje.

Ndipo wafyatua tofali walipomfuata baba yako. Nyumba zilikuwa zinaongezeka Kibaigwa na Kongwa mjini, na udongo wetu, walisema, unashika vizuri. Baba yako aliniambia tukiwa tunakula.

"Nimekubaliana nao. Wataanza upande wa juu."

"Wachimbe shamba?"

"Shamba gani, mama Tabitha? Lile limebaki kuwa uwanja. Angalau tofali hazihitaji mvua."

Sikubishana naye. Nataka ujue hilo, kwa sababu watu wakisimulia habari hii hunifanya mimi shujaa na yeye mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyechoka kupeleka mbegu mahali zisikorudi. Nami nilikuwa nimechoka vilevile.

Siku ya pili ya uchimbaji niliwapelekea maji, wewe ukiwa nyuma yangu na jagi. Fundi wao, kijana mrefu anayeitwa Selemani, alikuwa ndani ya shimo, kiuno kikiwa usawa wa ardhi. Nikainama nimpe ndoo, nikauona ukuta wa lile shimo. Tabitha, miaka yote ile nilikuwa nimeutazama udongo kwa juu tu, kama mtu anayemjua mwenzake kwa kofia. Juu palikuwa na udongo wa kijivu kizito, unaoelekea weusi. Niliuwekea kiganja kuupima, ukatosha upana wa kiganja. Chini yake wekundu mtupu, hadi kwenye miguu ya Selemani. Na mizizi yote, ya nyasi, ya mabua ya mwaka uliopita, ilikuwa imejazana kwenye ule upana wa kiganja. Ikifika kwenye wekundu inapinda na kwenda pembeni, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

"Selemani," nikamwuliza, "huu mwekundu unaotesha kitu?"

"Mama, mimi nafyatua, sipandi. Ila mashimo yetu ya kule tulikotoka, hata nyasi zimeyakataa."

Nilibaki pale nimeshika ukingo. Ugali wote niliowahi kupika nyumbani mwetu ulikuwa umetoka kwenye ule upana wa kiganja. Kilikuwamo nini humo ambacho chini hakimo? Nilikuwa najua udongo ni udongo. Sikuwa na huruma ya shamba saa ile, nisikudanganye. Nilikuwa na hamu ya kujua, na niliona jibu langu linapakiwa kwenye toroli.

"Pumzikeni kwanza," nikawaambia. "Mimi namwita mzee."

Baba yako alikuja akiwa amekasirika, kwa sababu nilikuwa nimewasimamisha watu aliopatana nao.

"Ungenisubiri nyumbani."

"Mimi ningesubiri. Hawa wangeendelea kuchimba."

"Unataka nini sasa?"

"Nataka kujua hiki cheusi ni nini. Na kwa nini mizizi haitaki kuingia kwenye chekundu."

Akanitazama kama niliyeanza homa. Hapo ndipo wewe, na jagi lako, ukauliza kwa sauti, "Baba, udongo ukiisha tunaenda kuchota wapi?" Selemani akacheka. Baba yako hakucheka. Alishuka shimoni na viatu vyake vya safari, akamega donge la juu na donge la chini, akayavunja moja kila mkono, akayanusa yote mawili.

"Unataka msimu mmoja?" akaniuliza.

"Ningejua ni mingapi ningekuambia."

Akapanda juu, akamwambia Selemani wamalize kipande walichokwisha kukifungua, kinachobaki wakiache. Kilabuni walimsema sana, kwamba mkewe amemtengua kauli mbele ya mafundi. Hakuwahi kunirudishia maneno hayo nyumbani. Ukitaka kumjua baba yako, mjue kwa hapo.

Sasa nilikuwa nimepewa msimu, na sikujua la kuufanya. Redioni nilikuwa nimesikia kwamba udongo hulishwa vitu vinavyooza. Nikasema ni rahisi hivyo? Nikakusanya mabua yote, yetu na ya majirani, nikayafukia kwenye kipande kizima, nikapanda mahindi juu yake. Yaliota vizuri, kisha yakawa manjano. Si manjano ya kiu, ni manjano ya mtoto mwenye njaa. Yale ya kando, nisikofukia kitu, yalikuwa na nafuu.

Baba yako alikuja akazunguka, mikono nyuma. "Umelilisha," akasema, "sasa limevimbiwa."

Nilicheka, lakini usingizi ulinipaa. Ningekuwa nimekosea tu, ningeacha. Kilichonisumbua ni kwamba mwaka uliofuata kipande kilekile kikawa bora kuliko vyote. Kinawezaje chakula kuleta njaa kwanza na shibe baadaye? Nilikaa na swali hilo hadi uliporudi likizo yako ya kwanza ya chuo, ukanieleza tukiwa tunapepeta mtama: vijidudu vinavyoozesha mabua navyo vinahitaji naitrojeni, na mabua makavu hayana ya kuvitosha, basi vinakwapua ile kidogo iliyomo udongoni, mahindi yanakosa. Vikishakufa vinairudisha. Nilifurahi kama mtu aliyetajiwa jina alilokuwa amelisahau kwa miaka mingi. Ulishangaa kwa nini ninakushika mkono. Ilikuwa ni kwa hilo.

Baada ya mabua nikaingia kwenye mbaazi. Kikundi cha akina mama kanisani kiligawiwa mbegu, nami nikapanda mistari yake katikati ya mahindi. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, mbaazi zikabaki zimesimama peke yake wakati wa kiangazi, kijani, huku kila kitu kikiwa kimekauka. Zilidondosha majani hadi chini pakawa na zulia. Siku moja nikang'oa mche mmoja nione zinapata wapi maji. Mzizi ulikwenda chini hadi ukanishinda nguvu, ukakatika. Na kwenye mizizi midogo ya juu nikaona vinundu. Vingi, kama upele.

Nilijua ni ugonjwa. Nilikuwa nimewahi kuona nyanya zenye mizizi ya hivyo zikinyauka. Nikaanza kung'oa, mche baada ya mche, ninalia kwa hasira. Baba yako akanikuta nimeshamaliza mstari.

"Subiri," akasema. "Huu ulioung'oa ulikuwa unaumwa?"

Nikautazama. Ulikuwa na afya kuliko mimi.

Akaenda akang'oa mche dhaifu, mmoja wa ile iliyodumaa pembeni. Mizizi yake ilikuwa safi, haina kinundu hata kimoja. Tukachuchumaa pale wote wawili, mizizi miwili imelala kati yetu. Akapasua kinundu kwa ukucha. Ndani palikuwa pekundu, wekundu wa nyama mbichi. Tuliangaliana, Tabitha. Tulikuwa tumelima mbaazi na kunde na karanga tangu utotoni, sote wawili, na hakuna kati yetu aliyewahi kupasua kile kitu.

Hatukujua ni nini. Tulijua tu kwamba mche ulio navyo ni mzima na usio navyo ni mgonjwa, hivyo nikaacha kung'oa. Kwamba humo vinaishi vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, hilo tulilisikia baadaye kwa bwana shamba wa kata. Pia alituambia jambo lililonipa aibu ya kuchekesha. Miaka yote tulipanda karanga, tukang'oa mche mzima, tukachambua, majani tukawapa mbuzi. Tulijisifu kwamba tunabadilisha mazao, kumbe karibu kila kitu zilichokusanya karanga tulikuwa tunakibeba kwenda nyumbani. Mbaazi zilitusaidia zaidi kwa sababu hatukuweza kuzing'oa na mizizi yake yote. Mizizi ilibaki, majani yalibaki. Kilichoturekebisha hakikuwa akili yetu, kilikuwa urefu wa mzizi.

Kisha mbuzi wa baba Yona wakala mbaazi zote.

Unamkumbuka baba Yona, jirani yetu wa upande wa mlimani, ana mifugo mingi. Desturi ya hapa ni kwamba mavuno yakiisha, mashamba ni ya mifugo ya wote. Mahindi yalikuwa yametoka, kwa hiyo kwake shamba langu lilikuwa wazi. Nilikwenda kwake nikiwa nimejaa maneno.

"Shikamoo baba Yona. Mbuzi wako wamenimaliza."

"Marahaba. Wamekumaliza nini? Mahindi si umevuna?"

"Mbaazi zangu."

"Nani huacha chakula shambani mwezi wa nane?"

Na kweli hakuna aliyekuwa anaacha. Mimi ndiye niliyekuwa na jambo geni. Tulikaa, tukanywa chai, hasira ikapungua. Mwisho tukapatana: wakati mbaazi zimesimama mifugo isiingie, zikivunwa, mbuzi walale shambani kwangu, zizi la miiba likihamishwa kila baada ya siku chache. Yeye alipata mahali salama pa kulaza, na mimi nilipata samadi bila kuibeba kichwani. Tulipohamisha zizi mtama ukaota pale ukiwa na rangi nyingine kabisa, ungeweza kuiona mipaka ya zizi kwa mbali. Na kiduha kikapungua, mwaka hadi mwaka, mpaka kikawa cha kutafuta.

Lakini baba Yona aliniuliza kitu ambacho hadi leo sijakimaliza. Tulikuwa tunang'oa nguzo za zizi. Akasema, "Mbuzi wangu wanakula mlimani, wanakuja kunya kwako. Na mlima unakula nini?"

Nilicheka. Yeye hakuwa anatania. Nikautazama ule mlima, jinsi ulivyokuwa mwekundu sehemu nyingi, nikaona kwamba tulilokuwa tunaita kulilisha shamba lilikuwa kulihamishia chakula kutoka mahali pengine. Samadi haitoki hewani. Kuna mahali imeondoka. Tangu hapo nimekuwa mwoga kidogo wa watu wanaozungumza kilimo hai kama maombi, kwamba ukitia samadi yote yamekwisha. Nakipenda kilimo hiki, kimeturudishia chakula, lakini nimejifunza kuuliza kila kitu: wewe umetoka wapi, na huko ulikotoka pamebaki nini?

Kwenye lile shimo la tofali ndiko nilikoshindwa kabisa, na wewe ulikuwepo. Nilipanda mbaazi humo misimu miwili. Zilifika magotini zikaganda. Ukang'oa mmoja, ukapasua kinundu, ndani palikuwa peupe. Ukasema, "Mama, hawafanyi kazi hawa." Tukachukua udongo kutoka kwenye mistari mizuri, tukatia konzi moja kila shimo la mbegu ili tuvihamishe vijidudu. Ikasaidia kidogo. Ndipo ulipopima kwa vile vichupa vya chuoni, ukaniambia kinachokosekana zaidi ni fosforasi, kwamba mbaazi zinaweza kuchuma naitrojeni hewani lakini fosforasi haimo hewani, na kwamba samadi yangu pekee itachukua miaka mingi. Ukataka tununue mbolea ya dukani.

Nilikasirika, unakumbuka. Nilikwambia hukusomeshwa uje kuniuzia mifuko. Nawe ukaniambia, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma, "Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba udongo haujali tunachokipenda."

Baba yako ndiye aliyetuamua, kwa njia yake ileile: tugawe shimo, tupande mtama. Sehemu samadi tupu, sehemu mbolea ya dukani tupu, sehemu vyote kidogo kidogo. Mvua ya mwaka ule ilikatika katikati ya msimu. Ile ya dukani peke yake iliungua. Ile ya samadi peke yake ilivumilia, lakini ilibaki fupi. Ile ya mchanganyiko ndiyo iliyobeba mtama wa kuvuna. Sikushinda na hukushinda. Sijawahi kufurahia kutoshinda kama siku ile, tulipokaa ukingoni wote watatu tunakula mtama wa kuchoma kutoka kwenye shimo lililokataliwa na nyasi.

Kwa nini nakwambia yote haya usiku ukikaribia na wewe ukiwa na safari? Kwa sababu unakwenda mahali ambapo mvua ni nyingi kuliko yetu na udongo ni mwingine. Naogopa utafika na majibu ya Mlali. Mbaazi zilitufaa sisi. Huko labda ni kitu kingine, labda wana lao ambalo halijafika kwenye vitabu, au wanakosea kama tulivyokosea sisi kwa kufagia. Hutajua kwa kuutazama kwa juu tu. Omba jembe, chimba shimo dogo, shuka, nusa. Mwulize mwenye shamba alipanda nini, na kabla ya hapo nini, na mabua yalikwenda wapi. Na akikwambia jambo la ajabu, usiharakishe kumsahihisha, wala usiharakishe kukubali. Ng'oeni mche pamoja mwangalie.

Utakosea. Mtu atapoteza msimu kwa neno lako, na hilo litakuuma kuliko nilivyoumwa na mahindi yangu ya manjano, kwa sababu yangu yalikuwa yangu. Likitokea, usijifiche. Rudi kwake, simama naye shambani, ulizeni pamoja imekuwaje. Sijui dawa nyingine.

Kesho utalala kwa shangazi yako Ipagala, keshokutwa ndiyo safari ndefu. Baba yako atakusindikiza hadi kituoni na begi lako la kamba. Mimi sitakuja. Usinifikirie vibaya. Ardhi imeloa vya kutosha, na mbegu zisipoingia kesho zitasubiri mvua ambayo hatujui kama ipo. Isitoshe, kituoni nitalia, na wewe utalia, na dereva atapiga honi.

Kaa dirisha la kushoto. Gari likipita shamba la barabarani utaona mwanamke ameinama, anafukia kwa mguu. Usipunge mkono mapema, sitakuwa nimekuona. Nikisikia mngurumo nitanyanyuka.

Mama yako